Mwongozo kamili: namna mshtuko wa bei unavyosafiri kutoka bandarini mpaka kwenye sufuria yako Dodoma, na jinsi ya kuufuatilia kwa daftari

Nina kaduka ka rejareja huku Nkuhungu, mwaka wa tisa sasa, na hakuna swali nimeulizwa kaunta kama hili: "kwani mmepandisha tena?" Mteja anaangalia kilo ya sukari halafu ananiangalia mimi kama vile naingia vikao vya Benki Kuu. Zamani nilikuwa najibu "mafuta yamepanda" basi yameisha, mpaka siku moja mzee mmoja mstaafu akaniuliza, kijana, mafuta yamepanda shingapi na kwenye hii kilo moja yameingia shingapi? Nikakosa jibu. Nikaenda kupiga hesabu usiku, na nilichokuta ndo kimenifanya nianze daftari. Huu mwongozo ni jinsi ya kufanya hivyohivyo, uwe na duka, uwe mama lishe, uwe mtumishi umehamia na ofisi yako Mtumba, kwenye mji wa serikali, na mshahara ni uleule. Unahitaji daftari la kaunta, kalamu na simu yenye kikokotoo, hamna kingine.

Hatua ya kwanza: jua kapu lako, sio kapu la taifa

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, inatoa taarifa ya mfumuko wa bei kila mwezi, kama tarehe 8 hivi. Wana kapu la bidhaa na huduma 383 na kila kundi lina uzito wake, yani katika kila shilingi 100 anayotumia Mtanzania wa wastani, ngapi inaenda wapi. Kwenye kapu la sasa ambalo mwaka wake wa kizio (mwaka ambao bei nyingine zinalinganishwa nao) ni 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Kwenye kapu lililopita vilikuwa 38.5. Usafiri una kama 14.

Sasa chukua matumizi yako ya mwezi uliopita uyaandike bila aibu. Mfano wa nyumba moja ninayoijua, matumizi 500,000: chakula 260,000, kodi ya chumba na sebule 80,000, nauli 60,000, umeme maji mkaa na vocha 60,000, vingine vyote 40,000. Ukigawanya, chakula ni asilimia 52. Hapo tayari umeshaona kwanini ukisikia redioni mfumuko ni asilimia 3 unahisi kama unatukanwa. Chakula kikipanda kwa asilimia 10, kwenye kapu la taifa kinaongeza kama pointi 2.8 (0.282 mara 10), kwenye kapu la hiyo nyumba kinaongeza 5.2. Hakuna aliyedanganya hapo, ni kwamba wastani unawachanganya na watu wenye gari, wanaokula hotelini, wanaonunua fenicha, na wewe hununui fenicha.

Kanuni ya kuikariri ni moja tu: uzito mara mabadiliko ya bei. Nauli ni asilimia 12 ya matumizi yako na imepanda kwa 20, basi maisha yako yamepanda kwa 2.4 kupitia nauli peke yake. Ukishaweza hiyo umeshaweza nusu ya kazi.

Hatua ya pili: mshtuko umeingilia mlango gani?

Uchumi mdogo kama wetu haupangi bei duniani, unapangiwa. Mafuta ya gari yote tunaagiza nje, hata tukiacha wote kuendesha magari mwezi mzima soko la dunia halitashtuka. Kwahiyo kazi yako ni kujua tu mlango. Mimi nahesabu minne.

Mlango wa mafuta ndo unaosikika zaidi. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, wanatangaza bei kikomo (bei ambayo kituo hakiruhusiwi kuizidi) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya, Dodoma mjini na bei yake, Kondoa na yake, Mpwapwa na yake (unaweza kuangalia kwa simu, *152*00#). Bei hiyo imebeba gharama ya dunia ya mzigo ulionunuliwa wiki kadhaa nyuma, gharama za kuuleta, kodi na tozo, halafu usafiri kutoka Dar, Tanga au Mtwara mpaka kwenye pampu. Ndo maana pipa la mafuta likipanda leo kwenye habari wewe hulioni leo, una kama mwezi, hata zaidi, wa kujiandaa, na wengi hawautumii.

Mlango wa mvua. Dodoma tuna msimu mmoja, mvua zinaanza Novemba Desemba zinaisha Aprili, zikikatika Februari mahindi yakiwa yanachanua basi bei ya gunia Kibaigwa, soko letu kubwa la mahindi, inaanza kupanda hata kabla mtu hajavuna, kwa sababu wenye stoo wanaacha kuuza. Na sio ukame tu. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa kinyume, mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa, viwanda havikuweza kuvuna, kilo ya sukari ikapita 4,000 sehemu nyingi. Dizeli haikuwa na kosa pale kabisa.

Mlango wa dola. Mwaka 2024 dola ilifika 2,700 hivi, Desemba ikateremka karibu na 2,400. Kila kinachoagizwa kinapita hapa, mafuta ya gari, ngano, mawese, simu, vipuri vya bodaboda. Wakati dola inapanda maduka ya vipuri yalibadilisha bei wiki hiyohiyo, ilipoteremka nikaambiwa huu mzigo ni wa zamani. Nitarudi hapo.

Mlango wa tozo. Huu una tarehe, 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Mwaka 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mji huu ambao kila kona kuna mtu anajenga, ile 1,000 ilizungumzwa vijiweni kuliko mpira. Mshtuko wa tozo unatofautiana na wa mafuta kwa jambo moja: haurudi. Ukame unaisha, vita vinaweza kuisha, tozo ikishakaa kwenye bei imekaa mpaka sheria ibadilishwe.

Mara nyingine milango inafunguka pamoja. 2022 ndo mfano. Vita vya Ukraine vilianza Februari, mafuta yakapaa, kufika Mei petroli ikawa imeshapita 3,000 kwa lita hapa nchini, serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Wakati huohuo Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kuanzia 28 Aprili mpaka 23 Mei. Na mwisho wa mwaka mahindi nayo yakawa shida, ukanda mzima wa Afrika Mashariki ulikuwa na ukame na wanunuzi wa nchi jirani walikuwa wanayatafuta kwa tochi.

Andika kwenye daftari, juu ya ukurasa: mlango gani, tarehe gani, kiasi gani. Usiandike "maisha yamepanda". Hiyo haina namba.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kilichopaswa kupanda

Hii ndo hesabu ya yule mzee, na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nitakaa nayo kidogo.

Fuso inabeba tani 10 kutoka Dar. Dar mpaka Dodoma ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi 900. Tuseme inakula lita 1 kwa kilomita 3, hiyo ni lita 300. Dizeli imepanda shilingi 300 kwa lita. Gharama imeongezeka 90,000. Gawanya kwa kilo 10,000 ulizobeba.

Shilingi 9 kwa kilo.

Tisa. Na hapo nimefanya gari imerudi tupu, ikirudi na mzigo ni pungufu ya hapo. Mimi nilikuwa nimepandisha sukari 200 na sababu niliyoitoa ni mafuta. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Kwahiyo zile 191 zimetoka wapi? Nimezifuatilia, na ni vitu vingi vidogo. Kuna chenji: hamsini imekuwa adimu mno, kwahiyo bei haiwezi kupanda kwa 9, inasubiri halafu inaruka 100 au 200 kwa mkupuo. Kuna asilimia: muuzaji wa jumla haongezi shilingi 9, anazidisha faida yake ya asilimia juu ya bei mpya, na mimi nazidisha juu ya bei yake, kwahiyo ongezeko linanenepa kila linapopita mkononi mwa mtu. Kuna woga wa mzigo ujao: nikiuza kwa bei ya zamani halafu nikienda kununua nikute imepanda, mtaji umepungua, basi nauza kwa bei ya kesho. Halafu kuna ile ambayo hatuisemi, madeni ya zamani. Mwezi wa pili mfanyakazi aliongezewa, wa nne leseni, wa tano luku, zote nilizimeza bila kugusa bei nikiogopa wateja, sasa ikija habari kubwa ya mafuta kila mtu mtaani anategemea bei ipande na ndo nafasi ya kuzitapika zote kwa pamoja. Mafuta yanabebeshwa mizigo ya watu wengine.

Ndo maana hesabu hii ni muhimu uifanye mwenyewe kwa kila bidhaa. Kwenye nyanya inabadilika: nyanya haisubiri, inaoza, tenga linachukua nafasi kubwa kwenye kirikuu na uzito ni mdogo, kwahiyo usafiri ni sehemu kubwa ya bei na dizeli inaonekana kweli na mapema. Mkaa hivyohivyo. Saruji nayo ni nzito na ya bei ndogo kwa kilo, usafiri unaiuma. Simu ya laki tatu, usafiri wake hauonekani hata ukivaa miwani, pale tafuta dola. Kwa kifupi, kitu kizito, kikubwa au kinachooza, na cha bei ndogo, muulize dizeli. Kitu kidogo cha gharama, muulize dola.

Hatua ya nne: fuata vituo

Mshtuko hauingii mji mzima siku moja. Unapanda gari na kushuka kituo kwa kituo, na ukijua ratiba huwezi kushangaa.

Usiku wa kuamkia Jumatano, pampu. Asubuhi yake bodaboda, jana buku leo buku jero, na hawa hawasubiri tangazo la mtu. Wiki hiyohiyo mboga na matunda, Majengo na kule soko la Job Ndugai Nzuguni. Vikavu vinachelewa, mchele, unga, sabuni, kwa sababu duka linamaliza mzigo wa zamani, kwangu ni wiki mbili mpaka sita hivi.

Nauli za daladala na mabasi ni kituo cha mbali maana zinapangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, na LATRA wanapokea maombi, wanasikiliza wadau, ndo wanatangaza. Angalia tarehe: mafuta yalipanda kuanzia mwanzoni mwa 2022, nauli mpya zikaja Mei. Septemba 2023 petroli ikawa juu ya 3,200 Dar, nauli zikapanda Desemba, daladala ya kilomita 10 kutoka 500 kwenda 600. Miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu mwenye daladala ndo anaimeza, na utaiona kwenye gari lenyewe, mnabanwa zaidi na ruti zinakatishwa katikati. Baadaye kabisa, kodi ya nyumba mkataba unapoisha, ada na mabasi ya shule Januari, na mishahara, kama ikifika.

Nikupe mmoja kwa karibu, mahindi ya Kibaigwa, maana hili soko lipo Kongwa kwenye barabara kuu ya Morogoro na karibu kila sembe inayoliwa mjini imepita pale au bei yake imetazama pale. Gunia linatoka Kiteto au ndani ya Kongwa kwa fuso ya vumbi, linashuka, kuna kuli, kuna dalali, kuna ushuru, kuna turubai usiku. Linapanda gari tena mpaka mjini. Linaingia mashine ya kukoboa na kusaga, ya umeme au dizeli. Linakuwa unga kwenye mfuko wa kilo 25, na mfuko nao ni plastiki, nayo ina bei yake. Mama lishe ananunua, anaongeza mkaa, maji, mshahara wa binti anayeosha vyombo, binti naye amepanda daladala. Sahani ya ugali maharage uliyowekewa mbele yako imepigwa na dizeli kama mara nne tofauti, kila mara kidogokidogo, na hakuna hata mmoja humo aliyekuibia.

Na usiangalie bei tu. Kuna mama jirani anauza maandazi, 200 miaka yote, watu wanamsifia hapandishi. Nikayapima kwenye mzani wa duka. Mwanzoni mwa mwaka gramu 70, ngano ilipopanda gramu 55. Mia mbili kugawa 70 ni 2.86 kwa gramu, mia mbili kugawa 55 ni 3.64. Andazi limepanda asilimia 27 bila kubadilisha hata herufi kwenye kibao. Simlaumu, ana akili kuliko mimi, mimi nilibadilisha bei na wateja wakahama. Kwenye daftari andika bei kwa kilo, kwa lita, kwa gramu, usiandike bei kwa andazi. Hivyohivyo kwenye sado ya maharage: angalia kama kitako hakijapigwa nyundo kuingia ndani.

Hatua ya tano: soma taarifa ya NBS bila kupaniki

Kosa kubwa la watu, na nimelisikia hata kwa wasomi, ni kudhani mfumuko ukishuka bei zinashuka. Hapana. Mfumuko ni mwendo. Gari likipunguza kutoka 100 kwenda 30 bado linaenda mbele, halirudi nyuma. Tuseme kilo ya unga ilikuwa 1,200, mwaka uliofuata 1,800, mwaka wa tatu 1,850. Mwaka wa kwanza mfumuko wa unga ni asilimia 50, wa pili ni asilimia 2.8. Waziri atasema mfumuko umedhibitiwa na atakuwa anasema kweli, na wewe utakuwa unanunua unga kwa 1,850 na utakuwa unasema kweli.

Kitu cha pili ni kwamba namba inalinganisha na mwezi kama huo mwaka jana. Kama mwaka jana mwezi huo bei zilikuwa zimepaa, mwaka huu namba itaonekana ndogo hata kama hali ni ileile. Kwahiyo kabla hujafurahi au kulia, rudi angalia mwaka jana kulikuwa na nini. Bei za mafuta duniani zilipaa katikati ya 2022 lakini mfumuko wetu ulifika juu kabisa, asilimia 4.9, kwenye kuzunguka mwisho wa mwaka huo na Januari 2023, wakati pampu zilishaanza kupoa. Ule ulikuwa mshtuko ukiwa bado njiani, vituo vya mwisho, pamoja na chakula.

Cha tatu, na hapa ndo pa wajanja: NBS wanaligawa kapu lilelile vipande vitatu. Chakula ambacho hakijasindikwa uzito 20.4, nishati na maji 5.7, na vilivyobaki vyote 73.9. Hicho kipande kikubwa ndo huwa nakiangalia kwanza. Kama namba kubwa, ile ya kapu zima, inapanda lakini hicho cha 73.9 kimetulia, maana yake mshtuko upo kwenye nyanya na mafuta, haujaingia kwa fundi cherehani, kinyozi na mwenye nyumba. Subiri, utapita. Kikianza kupanda nacho, hata kidogo, ujue watu wameshaanza kupandishiana kwa mazoea na huo hautoki haraka. Benki Kuu nao wanahangaika na hilohilo. Lengo lao ni asilimia 3 mpaka 5, na tangu Januari 2024 wanatumia riba ya Benki Kuu, walianza na asilimia 5.5, Aprili wakaenda 6, Julai 2025 wakashusha 5.75. Riba haileti mvua Kongwa wala haishushi pipa la mafuta, kazi yake ni kuzuia ule mzunguko wa pili, wa watu kupandishiana kwa mazoea.

Kwanini 2022 hatukufika pabaya kama Desemba 2011, mfumuko ulipofika asilimia 19.8? Mimi naona tofauti mbili kubwa. Mwaka 2011 mlango wa mvua ulifungua na mlango wa umeme: mabwawa yalikauka, mgao, viwanda na mashine zikawaka kwa jenereta, kwahiyo dizeli ilikuwa inaingia kila kitu mara mbili. 2022 umeme ulikuwa unategemea sana gesi yetu wenyewe, ambayo haipangiwi bei na soko la nje (na sasa kuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115). Halafu chakula kingi tunalima wenyewe. Nchi inayoagiza unga wake ingelia zaidi.

Hatua ya sita: kushuka

Wahenga walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Bei inapanda pamoja, inashuka mmojammoja, na kila mmoja anasubiri mwenzake. Pampu inashuka Jumatano, bodaboda hashuki, mboga inashuka kwa sababu inaoza, unga unashuka mavuno yakiingia Mei mpaka Julai, nauli nimeona ikipanda tu, chapati haishuki kabisa.

Kwahiyo kwenye daftari weka alama mbili. Bei zinazorudi: nyanya, vitunguu, mahindi, mafuta ya kula, petroli. Bei zisizorudi: kodi, nauli, chapati, kunyoa nywele, ada. Zinazorudi, ukiweza, subiri, badilisha mboga, punguza kipimo. Zisizorudi ndo za kupigana nazo kabla hazijapanda, ukiweza kusaini kodi ya mwaka mzima wakati mambo yametulia fanya hivyo, maana mwenye nyumba akishasikia mafuta yamepanda atapandisha hata kama nyumba haina tenki la dizeli.

Hapa niwape na aibu yangu. Mei 2022, Indonesia wamefunga mawese, dalali mmoja ananipigia kila siku, chukua sasa mwezi ujao hutagusa. Nikakopa, nikachukua madumu 40 ya lita 20, nikayapanga mpaka chumbani. Wiki tatu tu Indonesia wakafungua, bei ya dunia ikaporomoka kufika Julai, na alizeti mpya za Singida nazo zikaingia. Nilipoteza kama elfu kumi na tano kwa kila dumu, laki sita, na riba juu. Nilinunua bidhaa ya kundi la zinazorudi nikiwa kileleni. Mwaka uliofuata upepo ukageuka kabisa, wakulima wa alizeti wakawa ndo wanalia bei ya mbegu imeanguka, maana mafuta ya nje yalikuwa yamerudi.

Mahindi ni tofauti, yana kalenda. Ukinunua gunia Juni Julai, ukaliweka kwenye mifuko ya kinga njaa ile ya tabaka tatu, yakiwa makavu kweli (ng'ata punje, ivunjike kwa mlio), dumuzi hawakusumbui na Januari Februari unakula bei ya mavuno. Lakini weka ya kula, ya biashara iweke ukiwa na roho ngumu, kwa sababu NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, wakiamua kutoa mahindi ya akiba kwa bei nafuu mwenye stoo analala njaa.

Hatua ya saba: uliza maswali matatu kaunta

Muuzaji akikwambia "mafuta yamepanda", usibishane, muulize kwa upole. Mzigo huu umeuchukua lini? Gunia zima usafiri umeongezeka shingapi? Na mafuta yakishuka utashusha lini? Usitegemee ashushe papohapo. Ila atajua kwamba unahesabu, na mteja anayehesabu anapewa bei nyingine, hiyo nakwambia kama muuzaji.

Yule mzee alirudi baada ya wiki. Nikamwambia, mzee, ni shilingi tisa. Akacheka, akatoa hela, akaniuliza hizo 191 nazirudisha lini. Nikarudisha 100. Nyingine bado iko kwenye bei.